Balozi Aliyepunguza Mawazo

Wapendwa, kaeni vizuri. Mliobanana kule mlangoni sogeeni mbele, mvua haitawafuata humu ndani. Somo la leo mmelisikia, linahusu mizigo, na naona baadhi yenu mmeshaanza kuangalia saa, kwa hiyo sitawachosha na maneno makubwa. Nitawapa mfano, kisha tuulizane maswali mawili matatu, halafu mwende mkale.

Alikuwako balozi mmoja wa nyumba kumi. Si wa hapa kwetu, Mzee Shemdoe, usinikazie macho hivyo. Huyu ni wa upande wa pili wa mlima.

Kazi ya balozi mnaijua. Mwenyekiti wa kijiji anaitwa kwenye mambo makubwa, ya mipaka ya mashamba na wageni kutoka wilayani. Balozi anaitwa kwenye mambo madogo, na mambo madogo ndiyo hayaishi. Maji ya kuoshea vyombo yametiririkia kwa jirani, twende kwa balozi. Mbuzi katafuna suruali ya mwalimu ikiwa kambani, twende kwa balozi. Kinyozi kafungulia redio mpaka mtoto mchanga kashtuka, twende kwa balozi. Na wakifika hawaanzi na kesi. Wanaanza na hodi, wanakaa, wanauliza habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe, chai inaletwa, ndipo wanagombana.

Kesi iliyomchosha kuliko zote ilikuwa ya kuku. Kuku mwenyewe alikuwa wa mama mmoja muuza vitumbua. Alilala kwa mama huyo, akala pumba za mama huyo. Lakini ikifika saa ya kutaga, anavuka uzio, anaingia kwa jirani, mzee mmoja fundi viatu, anatagia kwenye boksi la viatu vibovu. Anamaliza, anatangaza kijiji kizima kisikie, anarudi kwao kula. Sasa niambieni nyinyi mliosoma: yai ni la nani? Ni la mwenye kuku, au la mwenye boksi?

Mnaona? Hata kwaya mmeanza kubishana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa barazani kwa balozi, asubuhi na jioni. Mama anasema, "Kuku wangu, yai langu." Mzee anasema, "Boksi langu, na viatu vya watu vinanuka kuku." Balozi akihukumu leo, kesho wanarudi na hoja mpya.

Baba wa watu akaanza kuumwa kisogo. Mtu akipiga hodi tu, moyo unamwenda mbio. Mkewe akamfunga koti, akabeba kikapu, akampeleka hospitali.

Huko wakamkuta daktari, binti mmoja mpole.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Akampima. Akatikisa kichwa. "Baba, presha yako iko juu. Dawa nitakupa, na chumvi upunguze. Lakini kubwa kuliko yote, punguza mawazo. Yale mambo yanayokuudhi kila siku, kaa nayo mbali."

Kabla mgonjwa hajajibu, mkewe akaitikia kutoka pembeni: "Atapunguza, mwanangu. Mimi mwenyewe nitahakikisha." Masikini mama yule, hakujua anajifunga kamba gani.

Kulikuwa na ubaya gani katika ushauri wa daktari? Hakuna. Ushauri mzuri kabisa, na mimi nawashauri hivyohivyo, maana humu ndani kuna watu wana presha kwa sababu ya kusikiliza ugomvi usiowahusu. Lakini sikilizeni jinsi balozi alivyoutekeleza.

Alifika nyumbani, akatoa kiti chake cha uvivu, akakiweka barazani panapopiga upepo. Akajifunika miguu kwa shuka. Akamwita mkewe.

"Mama, umemsikia daktari. Kuanzia leo habari mbaya isinifikie. Hii simu kaa nayo wewe. Ikiita, pokea. Ikiwa habari njema, niite. Ikiwa mbaya, sema nimetoka."

"Nitajuaje kama ni mbaya kabla sijaisikiliza?"

"Isikilize wewe. Wewe hujapimwa presha."

Basi ikawa hivyo. Akija mtu na kesi, balozi hafumbui hata jicho. Ananyoosha kidole tu kuelekea jikoni: "Mwone mama." Mwenye mbuzi, kwa mama. Mwenye suruali, kwa mama. Mwenye kuku na mwenye boksi, kwa mama, tena wakiwa wamelibeba boksi lenyewe kama ushahidi. Mama anageuza ugali kwa mkono mmoja, kwa mwingine anawaomba watu wazima wasirushiane mayai. Hakuna kikao kilichomchagua, hakuna aliyemuuliza kama anataka. Kijiji kizima kilimzoea kwa kasi ya kushangaza.

Siku moja balozi yuko kwenye kiti chake, mkewe akatokea anahema.

"Baba, samahani kukuamsha. Ng'ombe amekata kamba."

Balozi akainua mkono. "Mama, tulikubaliana. Hilo ni tatizo, au ni jambo tu?"

Mama akafikiri. "Kwa sasa ni jambo. Lakini yuko kwenye kabichi za mchungaji."

"Basi mfuate ukamtoe. Taratibu. Usipige kelele, kelele zinanisumbua."

Kina baba, mbona mmekuwa kimya ghafla? Mlikuwa mnacheka sasa hivi.

Na nataka niwe mkweli: dawa ile ya balozi ilifanya kazi. Kisogo kikawa chepesi. Akalala usingizi mtamu. Mashavu yakajaa, suruali ikaanza kumbana. Akawa sasa ndiye mshauri wa wengine. Akipita mwenzake ana uso wa huzuni, anamwita: "Ndugu yangu, maisha ni kuchagua. Mimi nimechagua utulivu. Unaliona hili tumbo? Hili ni tumbo la amani."

Hata kanisani alisimama akatoa ushuhuda. Akapanda mbele, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Wapendwa, nilikuwa mtu wa kuudhika. Nikiona mbuzi, naudhika. Nikisikia kuku, naudhika. Leo nasimama hapa nimeutua mzigo! Sina hata wasiwasi mmoja!" Watu wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, na mwimbaji mmoja akaanzisha pambio papo hapo.

Mkewe hakuusikia ushuhuda ule. Alikuwa nje, pembeni ya ukuta wa kanisa, anaamua kesi ya mbuzi.

Sasa tumtazame huyu mama. Alianza kutia sukari kwenye maharage. Familia ikala, ikanyamaza, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Alitoka kwenda gulioni kiatu cha kushoto chake, cha kulia cha mumewe. Akiwa peke yake jikoni, anaitikia "Karibu!" na hakuna mtu aliyebisha hodi. Simu ikiita, anashtuka mpaka anamwaga alichoshika. Na alikuwa mtu wa kucheka huyu mama, cheko lake lilijulikana mpaka bondeni. Likapotea, na nyumbani kwake hakuna aliyeuliza limekwenda wapi.

Ila mumewe kuna kitu alikigundua. Akamwita barazani, akamwambia kwa upole sana, "Mama, siku hizi una uso mzito. Ukipita hapa mbele yangu na uso huo, nahisi kabisa presha inataka kurudi."

Mnajua mama alifanya nini? Akajifunza kutabasamu. Kila akifika mlango wa kwenda barazani anasimama, anapangusa uso kwa kanga, anavaa tabasamu, ndipo anapita na chai. Akirudi jikoni analivua. Mimi nilipokuwa nautunga mfano huu, hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Maana kuna watu humu ndani wanavaa tabasamu la namna hiyo kila siku, na sisi tunaoishi nao tunasema nyumba yetu ina amani.

Siku ya kurudi hospitali ikafika. Balozi alioga mapema, akavaa shati jeupe kama anayekwenda kupokea zawadi. Mkewe nyuma na kikapu, na simu ndani ya kikapu inaita njia nzima.

Daktari akampima, akapima tena kwa kutoamini. "Baba! Hii ni presha ya kijana wa shule. Hebu niambie umefanyaje, niwaambie na wagonjwa wangu wengine."

Balozi akajisogeza kwenye kiti, akaeleza. Akaeleza kiti cha uvivu, akaeleza simu, akaeleza "Mwone mama." Alieleza kwa ufundi, kwa mikono. Na kadiri alivyoeleza, daktari alizidi kunyamaza, na macho yake yakamhama balozi, yakaenda kwa yule mama aliyekaa pembeni amekumbatia kikapu kinacholia.

"Mama, hebu njoo ukae hapa."

"Mimi mzima, mwanangu. Nimemsindikiza baba tu."

"Njoo tu, mama yangu."

Akamfunga kile kitambaa cha kupimia. Akatazama. Akakifungua, akakifunga mkono wa pili. Akatazama tena. Akainuka, akamwita muuguzi kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia balozi.

"Baba, mama harudi nyumbani leo. Analazwa."

Na balozi akasema nini? Nataka mjiulize kwa dhati ninyi mngesema nini. Balozi alisema, "Sasa nani atapika?"

Ee, gunieni. Hata yeye, neno lilipomtoka, alitamani alirudishe mdomoni. Daktari hakumfokea. Alimwambia taratibu tu, "Baba, nilikuomba uyapunguze mawazo. Hujapunguza hata moja. Yote umeyahamishia kwa mama, na yeye alikuwa na yake tayari. Mngechelewa kidogo, mama angeangukia jikoni, na wewe uko barazani unapigwa na upepo, usisikie."

Balozi akarudi nyumbani peke yake na kikapu na simu. Kufika mlangoni, mguu haujavuka kizingiti, simu ikaita: mama anatakiwa kwenye msiba akagawe kazi za jikoni. Hajaikata, ikaita tena: dada yake balozi mwenyewe, anapiga kulalamika kwamba mama hajapiga kumjulia hali. Ng'ombe analia zizini. Moto hauwaki, maana hajui kuni kavu zinawekwa wapi. Akapika chai yenye moshi, akakaa jikoni kwenye kigoda cha mkewe. Kutoka hapo kwenye kigoda, wapendwa, baraza haionekani kabisa. Inasikika tu. Mtu aliyeketi barazani akikohoa, unamsikia. Akikoroma, unamsikia. Balozi akakaa hapo akiwaza ni mara ngapi mama yule alikaa hapa na kelele za watu, akimsikiliza yeye anavyokoroma. Akalia. Mtu mzima, mwenye tumbo la amani, alilia kwa sauti.

Asubuhi yake walikuja wenye kesi ya kuku, wote wawili, wakapiga hodi, wakakuta komeo. Balozi alikwishaondoka alfajiri kwenda hospitali, na mlango haukuwa na mtu wa kuwasikiliza. Wakakaa kwenye ngazi kusubiri. Wakasubiri sana. Na watu wakikaa mahali pamoja muda mrefu bila mwamuzi, watagombana mpaka wachoke, kisha watazungumza. Jirani mmoja akapita, akawaambia, "Mama mnayemsubiri amelazwa. Wanasema presha, mawazo yamemzidi." Mama wa vitumbua akamtazama fundi viatu. Fundi viatu akatazama chini.

Mchana wakatokea wodini. Wamekuja pamoja, wamebeba hotipoti moja, huyu ameshika sikio hili na huyu lile. Wakamsalimia mgonjwa, wakamwinua, wakamimina supu kwenye bakuli. Harufu ikajaa wodi nzima.

Mama akaonja. "Asanteni jamani. Supu tamu. Kuku wa nani?"

Wakatazamana. Mama wa vitumbua akasema, "Ndiye yeye, mama. Kesi imefungwa."

Fundi viatu akaongeza, "Hakuna aliyeshindwa."

Mama akacheka. Akacheka lile cheko lake la kusikika bondeni, mpaka muuguzi akaja mbio akidhani mgonjwa amezidiwa, mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakacheka bila kujua wanacheka nini. Balozi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Akacheka na yeye, halafu akaacha katikati, maana alikumbuka kwamba hajalisikia cheko hilo siku nyingi, na hakuwa amegundua kwamba halipo.

Wageni walipoondoka akakaa kitandani karibu naye, akamshika mkono ule uliofungwa dripu.

"Mama, yote haya yalikuwa yanakuelemea hivi. Kwa nini hukuniambia?"

Mama hakukasirika. Alimtazama tu, akamjibu kwa neno moja.

"Ulikataza."

Mfano wangu unaishia hapo. Sasa tuzungumze sisi.

Tusije tukatoka hapa tukisema mchungaji kakataza watu kupumzika. Pumzikeni! Kuna maudhi mengi tunayakaribisha wenyewe na kuyapikia chai. Kesi ya kuku iliisha siku ilipokuta mlango umefungwa. Umewahi kujiuliza ni kesi ngapi zinaishi kwa sababu tu mlango wako uko wazi? Simu zilizojaa ugomvi wa watu usiowafahamu, kamati uliyoingia kwa kuona haya kukataa, jirani anayekuja kukuletea maneno ya jirani mwingine: funga mlango. Hakuna atakayekufa. Pengine wataenda kupatana, na wewe utaletewa supu.

Lakini yako mawazo ambayo huwezi kuyafungia nje. Ng'ombe atakata kamba. Mgonjwa atapiga simu. Msiba utaita. Hayo hayayeyuki kwa sababu wewe umefumba macho. Yanatembea ndani ya nyumba yanatafuta bega, na yanajua la kukalia. Mara nyingi ni bega lile lisilosema.

Kina mama, msiwacheke waume zenu sana. Mangapi tumeyatupa kwa dada wa kazi, tukaenda kulala? Na sisi sote tuliotoka vijijini, tunampigia simu mama mzazi, tunamwaga shida zote mpaka tone la mwisho, tunasema "Yaani mama, nimejisikia nafuu kweli," tunakata simu, tunalala fofofo. Yeye je? Yule mtoto wa kwanza, binti wa nyumbani, tunayemsifu kwamba ana akili ya mtu mzima, nani alimpa akili hiyo kabla ya wakati wake? Kazini, wewe bosi unayesema hutaki kusikia matatizo, unataka kusikia majibu tu, umeshawahi kumtazama usoni anayekuletea hayo majibu?

Kwa hiyo ukiona wewe umetulia sana, mshukuru Mungu, kisha inuka uzunguke nyumba yako. Nenda jikoni. Nenda kakae kwenye kigoda usichokikalia. Muulize mtu, "Unawaza nini?" Akikujibu "Sina kitu," usiondoke. Kaa. Alishajifunza kusema hivyo kwa ajili yako, na atahitaji muda kuamini kwamba umeondoa ile amri.

Naona kuna mtu ananyoosha shingo kule nyuma, anataka kuniuliza, yule mama alipona? Alipona. Mfano ni wangu, nimemponya mimi mwenyewe, kwa mdomo tu, hapa nikiwa nimesimama. Anacheka, na mumewe siku hizi ndiye anayemfuata ng'ombe.

Lakini wa kwako, uliyemwacha nyumbani anapika, au aliyekaa hapo pembeni yako sasa hivi akitabasamu, huyo si wa mfano. Huyo mimi siwezi kumponya kwa mdomo. Mgeukie.